Ada ya masomo binafsi ya muziki: kwa kipindi, kwa mwezi au kwa kifurushi?

Mwaka 1781, akiwa Vienna, mtunzi wa muziki Mozart alikuwa akitoza dukati 6 (sarafu za dhahabu za enzi hizo) kwa masomo 12. Januari 1782 alimwandikia baba yake kwamba utaratibu huo ameuacha, kwa kuwa wanafunzi walikuwa wakikosa wiki kadhaa mfululizo na hasara yote ilimwangukia yeye. Tangu hapo kila mwanafunzi alimlipa dukati 6 kwa mwezi, asome asisome. Alikuwa na wanafunzi watatu, basi dukati 18 kwa mwezi alikuwa na uhakika nazo.

Naanza na habari hii kwa sababu mjadala wa bei ya masomo ya muziki huanzia mahali pasipofaa. Mzazi huuliza saa moja ni kiasi gani, mwalimu hutaja tarakimu, wakavutana hapo. Swali linalotangulia ni jingine: siku mwanafunzi asipofika, hasara ni ya nani? Likijibiwa mapema, tarakimu haisumbui sana. Lisipojibiwa, hata bei iliyopangwa kwa hesabu nzuri itazaa manung'uniko, maana mzazi atadhani ananunua dakika, na mwalimu atadhani anauza nafasi katika ratiba yake.

Zipo njia tatu kuu za kutoza, na kila moja inalijibu swali hilo kwa namna yake. Kabla ya kuzipambanisha, tukubaliane namba moja ya kupimia.

Bei ya msingi inavyopatikana

Ili tusifungwe na sarafu yoyote, tuseme saa moja ya somo la mtu mmoja ni 100. Namba hii ina asili yake. Mwaka una wiki 52. Toa likizo, sikukuu, msimu wa mitihani ya shule, na wiki mbili tatu za homa na dharura. Zitabaki kama wiki 40 za kufundisha. Mwalimu anayefundisha saa 20 kwa wiki ana saa 800 za kulipwa kwa mwaka mzima. Saa hizo 800 ndizo zinazobeba pango la chumba, kutuni piano, nyuzi, vitabu vya nota, kodi ya serikali, na chakula chake kwa miezi yote 12. Gharama za kazi zikiwa 20,000 na mahitaji ya nyumbani 60,000, jumla ni 80,000. Gawa kwa 800, unapata 100.

Walimu wengi wapya hugawa kwa wiki 52. Saa zinakuwa 1,040 na bei inashuka hadi 77, bei inayovutia kweli. Lakini watafundisha saa 800 zilezile, waingize 61,600, na wakitoa gharama wabaki na 41,600 badala ya 60,000. Karibu theluthi ya riziki imepotea kwenye kugawanya tu, kabla hata ya mwanafunzi mmoja kukosa kipindi.

Na saa 20 za kufundisha hazimaanishi saa 20 za kazi. Kuandaa nyimbo zinazomfaa kila mtoto, kurahisisha nota, kujibu wazazi, kufuatilia malipo na mazoezi ya mwalimu mwenyewe huongeza saa 8 hadi 10 kwa urahisi. Mzazi anayeona mwalimu anafundisha saa nne kwa siku na kuhisi bei ni kubwa, hiyo sehemu ya pili haioni. Mwalimu aieleze bila kuona haya.

Njia tatu ana kwa ana

| | Kwa kipindi | Ada sawa ya mwezi | Kifurushi cha vipindi 10 |
|---|---|---|---|
| Bei ya haki kwa saa | 115 hivi | 100 | 105 hadi 110 |
| Malipo | kila baada ya somo | 333 kila mwezi, miezi 12 | yote mwanzoni |
| Mwanafunzi asipofika | mwalimu hapati kitu | ada inabaki palepale | kipindi husogezwa, kwa mpaka |
| Anayefaa zaidi | wa majaribio, wa mara mojamoja | mtoto wa kila wiki | mtu mzima wa zamu au safari |

Msomaji atauliza kwa nini kipindi kimojakimoja kiwe ghali kuliko ada ya mwezi. Hapa ndipo penye kiini cha mambo, nami nitakaa hapo kidogo.

Chukua mwalimu wetu wa saa 800. Wanafunzi wake wakikosa kipindi 1 katika kila 8, jambo la kawaida kabisa kwa watoto wenye mafua, michezo na safari za familia, saa zake za kulipwa ni 700. Kwa bei ya 100 anaingiza 70,000. Pango halipungui kwa sababu mtoto ana mafua, kwa hiyo gharama ni 20,000 ileile na anabaki na 50,000. Vipindi vilivyokosekana ni sehemu moja ya nane. Riziki yake imepungua kwa sehemu moja ya sita. Ili arudi pale alipopaswa kuwa, lazima agawe 80,000 kwa 700, na jibu ni 114 na ushee.

Angalia sasa nani anailipa hiyo 14. Ni yule mwanafunzi anayefika kila wiki. Anayekosa mara kwa mara halipi chochote kwa nafasi aliyoishikilia, na mwenzake mwenye bidii anamlipia bila kujua. Hiyo ndiyo sababu nasema malipo kwa kipindi, ambayo kwa nje yanaonekana ya haki kuliko yote kwa kuwa unalipia ulichopata tu, mara nyingi ndiyo yenye haki ndogo zaidi kwa darasa la kila wiki. Saa kumi jioni ya Jumanne ikishaandikwa jina la mtoto wako, hakuna mtoto mwingine anayeweza kuipata. Umeitumia hata usipokuja.

Walakini njia hii ina mahali pake. Kwa somo la kwanza la kujaribiana ni sawa kabisa, tena ndiyo njia ninayoipendelea, kwa sababu mwanafunzi na mwalimu hawajajuana na haifai kumfunga mtu. Inamfaa pia mpiga gitaa wa bendi anayetaka vipindi viwili vya kunyoosha jambo moja, au mwimbaji anayejiandaa kwa usaili. Watu hawa hawashikilii nafasi ya kudumu. Watoze 115, na uwaambie kwa nini.

Ada sawa ya mwezi

Hesabu yake ni nyepesi: vipindi 40 mara 100 ni 4,000 kwa mwaka, ukigawa kwa miezi 12 unapata 333. Wengine hugawa kwa miezi 10 ya masomo na kutoza 400, kisha miezi ya likizo hakuna malipo. Kwa mzazi jumla ni ileile. Kwa mwalimu tofauti ni kubwa, kwa sababu miezi miwili isiyo na shilingi wala senti humlazimisha kuweka akiba, na si kila mtu anaweza.

Malalamiko yanayokuja na njia hii yanajulikana. La kwanza: "Mwezi huu kulikuwa na vipindi vitatu tu, mbona nalipa sawa na ule wa vitano?" Jibu liwe kwenye karatasi tangu siku ya kwanza: ada ni ya mwaka, imekatwa vipande sawa. Mpe mzazi kalenda yenye tarehe zote 40, azihesabu mwenyewe. Nimeona ugomvi mwingi wa bei ukiisha kwa kalenda tu.

La pili ni kufidia vipindi. Mzazi aliyelipa mwezi mzima huhisi ana haki ya kufidiwa kila kilichokosekana. Mwalimu akikubali yote, amerudi kwenye malipo kwa kipindi kwa mlango wa nyuma, tena anafundisha saa za ziada bila malipo. Akikataa yote, mtoto aliyelazwa hospitali anapoteza pesa za wazazi wake, na hilo nalo ni ukatili. Utaratibu ninaouona wa haki ni kutenga wiki moja mwishoni mwa kila muhula kwa ajili ya kufidia tu. Aliyekosa anapata nafasi moja katika wiki hiyo, aliyekosa mara nne naye anapata moja. Mwalimu akikosa yeye, anafidia vyote au anarudisha pesa, bila mjadala.

Desturi ya kutoa taarifa saa 24 kabla imeenea, na wazazi hudhani inawaondolea malipo. Ni adabu njema, lakini haijazi nafasi. Hakuna mwanafunzi mwingine anayeweza kuja kesho saa kumi kwa sababu tu wako amepata udhuru leo. Ukitaka taarifa ya mapema iwe na thamani, ruhusu wazazi wabadilishane nafasi wao kwa wao. Mwalimu hapotezi kitu na familia mbili zinasaidika.

Kifurushi

Huyu ni ndugu wa kati. Mwanafunzi analipia vipindi 10 mara moja na kuvitumia ndani ya muda uliowekwa, tuseme wiki 14. Mwalimu ana uhakika wa pesa, mwanafunzi ana uhuru wa kusogeza. Kwa kuwa kusogeza huko huacha nafasi tupu hapa na pale, bei ikae kati ya 105 na 110. Walimu wengi hufanya kinyume: hutoa kifurushi kwa punguzo, kumi kwa bei ya nane. Sielewi mantiki yake. Anayenunua uhuru zaidi anapewa bei ya chini kuliko anayefika kila Jumanne.

Bila tarehe ya mwisho, kifurushi kinageuka deni lisiloisha. Mtu hununua vipindi 10, anatumia vinne, anapotea miezi saba, kisha anarudi akidai sita kwa bei ya zamani. Na pesa ya kifurushi, mpaka somo lifundishwe, bado ni amana. Mali bila daftari hupotea bila habari: andika kila kipindi kilichotumika, mwanafunzi aweke saini, na usitumie pesa za vipindi ambavyo hujafundisha. Mwalimu akiugua leo, ni lazima aweze kurudisha kilichobaki.

Kwa muuguzi wa zamu za usiku au dereva wa masafa marefu anayejifunza piano, kifurushi ni bora kuliko njia nyingine yoyote. Kwa mtoto wa miaka minane ni hatari, kwa sababu familia huanza kusogeza kila linapotokea jambo, na mtoto anayefika baada ya wiki tatu hujifunza upya yale aliyoyaacha.

Dakika 30 si nusu ya 60

Kosa lililozoeleka ni kutoza 50 kwa nusu saa. Kazi ya mwalimu kwa mwanafunzi mmoja, yaani maandalizi, ujumbe kwa mzazi, kumbukumbu na ile dakika tano ya kuagana na mmoja na kumpokea mwingine, haipungui kwa nusu. Bei ya haki ni 55 hadi 60 kwa dakika 30, na 80 kwa dakika 45. Mtoto wa miaka sita hamalizi saa nzima akiwa makini, kwa hiyo mzazi asinunue dakika ambazo mtoto hawezi kuzitumia.

Wanaoelekea kwenye mitihani wazingatie jambo moja zaidi. ABRSM, bodi ya mitihani ya Uingereza iliyoanzishwa 1889, ina ngazi 8 za vyombo, na kabla ya ngazi ya 6 mwanafunzi hutakiwa awe na ngazi ya 5 ya nadharia au mbadala wake unaokubalika. Nadharia haiingii ndani ya dakika 30 zilezile za chombo bila kitu kuachwa. Kubalianeni mapema kama itaongezewa muda na nani analipia. Ada ya mtihani, vitabu na mpiga piano wa kusindikiza vikae nje ya ada ya somo, kila kimoja na bei yake.

Kwa mwalimu, kwa mwanafunzi au mtandaoni

Mtunzi na mpiga piano Chopin alipokuwa akifundisha Paris alitoza faranga 20 kwa somo la nyumbani kwake, na 30 alipomfuata mwanafunzi. Mara moja na nusu. Bado ni kipimo kizuri. Safari ya nusu saa kwenda na nusu saa kurudi hugeuza somo la saa moja kuwa kazi ya saa mbili, na hata 150 haimfidii mwalimu kikamilifu. Kinachosaidia pande zote ni kukusanya: ndugu wawili nyumba moja, majirani watatu siku moja. Hapo safari inagawanywa na kila mmoja anaweza kulipa 115 au 120.

Mtandaoni wengi hutaka bei ishuke sana. Nisingekubali. Saa ya mwalimu ni ileile, na maandalizi mara nyingi huzidi. Kinachopungua ni chumba: kama katika 100 chumba kinachukua 10, toza 90. Suala zito zaidi ni kama njia hiyo inafaa. Sauti huchelewa njiani, kwa hiyo mwalimu na mwanafunzi hawawezi kupiga pamoja kwa mapigo mamoja. Kwa nadharia, kwa gitaa la mtu mzima, kwa kurekebisha kipande alichokwisha kukijua, inatosha. Kwa mtoto anayeanza violini, ambaye mkono wake wa upinde unahitaji kushikwa na kuwekwa sawa, bei ndogo haifidii kinachokosekana.

Peke yake au kikundi

Watoto wanne kwa saa moja, kila mmoja 35: mwalimu anapata 140, mzazi analipa theluthi. Kwa gitaa la wanaoanza, kwa ngoma na kwa kuimba, kikundi kina faida ambayo somo binafsi halina, nayo ni kusikilizana na kushika mapigo pamoja. Ila mwenye kasi husubiri na mzito huachwa nyuma, na pengo hilo huonekana ndani ya miezi michache. Mtindo ulioanzishwa na mwalimu wa violini wa Japani, Shinichi Suzuki, huunganisha vyote viwili: somo la mtu mmoja na mkusanyiko wa kikundi. Familia yenye kipato kidogo inaweza kuiga wazo hilo kwa nusu saa binafsi kila baada ya wiki mbili na kikundi kila wiki. Kwa mwezi wa wiki nne ni 110 hadi 120 za binafsi na 140 za kikundi, chini kabisa ya 400 za somo binafsi la saa nzima kila wiki.

Asiye na uwezo

Mwalimu mwenye moyo hupunguza bei kimyakimya kwa anayeomba. Nia ni njema, matokeo si ya haki, kwa sababu anayeomba ni yule mwenye ujasiri wa kuomba. Mjane mwenye haya hulipa 100, mfanyabiashara hodari wa kupatana hulipa 80. Afadhali viwango vitatu vilivyoandikwa wazi: 120, 100 na 80, kila familia ichague bila kuulizwa ushahidi. Katika wanafunzi 20, wanne wakilipa 120, wanne 80 na 12 wakilipa 100, wastani ni 100 na mwalimu hapungukiwi. Wakichagua 80 wengi kupita wanne, funga nafasi hizo na ufungue orodha ya kusubiri. Ufadhili kamili nao uwe na idadi, nafasi moja au mbili, na uwe wa mwaka mzima ili mtoto asiishi kwa wasiwasi.

Kuangalia walimu wengine wanatoza nini

Ni busara kujua bei za wenzako, na mzazi naye afanye hivyo. Kukubaliana bei ni jambo jingine. Chama cha walimu wa muziki cha Marekani, MTNA, kilichoanzishwa 1876, kilishtakiwa na tume ya serikali inayosimamia ushindani wa biashara kwa sababu kanuni zake za maadili ziliwakataza wanachama kuvuta wanafunzi wa wenzao, na baadhi ya matawi yake yalizuia kutoza chini ya wastani wa eneo. Shauri lilimalizwa kwa makubaliano mwaka 2014, na chama kikaondoa kanuni hizo. Tumia bei za wengine kama taarifa tu. Ukikuta wenzako wanatoza 70 na hesabu yako inasema 100, chunguza kwanza: huenda hawana pango, huenda wanafundisha kikundi, au huenda waligawa kwa wiki 52.

Kuhama kutoka njia moja kwenda nyingine

Mwalimu anayetoza kwa kipindi na anayetaka ada ya mwezi asifanye hivyo katikati ya muhula. Atoe taarifa ya muhula mmoja, kwa maandishi, akionyesha jumla ya mwaka kwa njia ya zamani na kwa njia mpya, pamoja na kalenda ya tarehe. Mzazi naye, kabla ya kukubali, ahesabu vipindi ambavyo mtoto wake alihudhuria mwaka uliopita. Kwa bei zetu, njia ya mwezi inagharimu 4,000 na ya kipindi 115 kwa kila anachofika: mtoto aliyefika mara 35 au zaidi katika 40 anafaidika kwa ada ya mwezi. Aliyefika mara 25 atumie kifurushi kwa sasa, na mazungumzo na mwalimu yahamie kwenye siku na saa atakayoweza kuishika.